Mara imetoa mawakili wakubwa, mbona ofisi kubwa haziko Musoma?

Ukifika Musoma mjini tembea taratibu Mtaa wa Mukendo uangalie ofisi za mawakili. Zipo. Nyingi ni chumba kimoja au viwili, jirani na duka la madaftari au mahali pa kutoa fotokopi, na bango la mlangoni limeandikwa kwa Kiingereza ingawa wateja wanaoingia humo wanaongea Kijita, Kikurya, Kizanaki na Kiswahili. Nje kwenye benchi utamkuta mama ameshika bahasha ya kaki yenye karatasi za kiwanja cha marehemu mumewe. Wakili anayesubiriwa na mama huyo asubuhi alikuwa mahakamani kuombea mtu dhamana, mchana atagonga muhuri kwenye viapo vya watu waliopoteza vyeti, kesho atapanda gari kwenda Tarime au Bunda kwenye kesi ya ng'ombe. Anafanya kazi ya maana sana. Lakini muulize mwanafunzi yeyote wa sheria pale Mlimani anataka kuwa nani baada ya miaka kumi, hatakutajia huyu.

Atakutajia majina ya Dar es Salaam. Ofisi za ghorofani, lifti, kiyoyozi, chumba cha mikutano chenye meza ndefu, wateja ambao ni benki na migodi na kampuni za simu. Atakwambia kampuni fulani imewekwa daraja la kwanza na kitabu cha Chambers Global cha London, kwamba nyingine inashirikiana na mawakili wa Uingereza, na kwamba ukipata nafasi ya mafunzo huko maisha yamenyooka. Kisheria mawakili hawa wawili ni sawa. Wameapishwa na Jaji Mkuu mmoja, majina yao yamo katika daftari moja, joho ni lile lile. Lakini kila mmoja anajua nani ni nani.

Nimekuwa nikilitafakari jambo hili kwa sababu ya jambo la pili linalonisumbua. Mkoa wetu wa Mara unasifika kwa wanajeshi, kwa samaki na kwa hasira. Ni nadra kusikia ukisifiwa kwa sheria. Ajabu ni kwamba ukiandika historia ya uanasheria wa nchi hii huwezi kuvuka ukurasa wa pili bila kukutana na mtu wa Mara. Sasa kama watu wetu walikuwa pale kila hatua, ilikuwaje heshima ya taaluma hii ikaishia kwenye maghorofa ya Dar, tena mikononi mwa wateja wa nje? Jibu langu ni kwamba mlango ulifungwa na kufunguliwa na mtu yule yule, naye ni Serikali. Hebu tuanze mwanzo.

Wakati wa Mwingereza, uwakili Tanganyika ulikuwa kazi ya Wazungu na Wahindi. Chama cha Mawakili wa Tanganyika kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1954, mwaka ule ule wa TANU, lakini usidhani watu wale walikuwa wanakaa meza moja. Wateja waliolipa vizuri walikuwa mashamba ya katani, mabenki, meli na wafanyabiashara. Mwafrika aliingia katika hadithi hiyo hasa kama mshtakiwa. Mshtakiwa maarufu kuliko wote alitoka Butiama. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa Dar es Salaam kwa makala iliyotoka katika gazeti dogo la Sauti ya TANU, makala iliyowashambulia wakuu wa wilaya wa kikoloni. Aliyekuja kumtetea ni D. N. Pritt, wakili wa Malkia kutoka London, yule yule aliyemtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria, akisaidiana na mawakili wa Dar akina K. L. Jhaveri na Mahmud Rattansey. Hakimu alimtia hatiani, akampa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Mwalimu akalipa faini.

Ninaitaja kesi hiyo kwa sababu moja. Mtu aliyekuwa karibu kuwa kiongozi wa nchi hakutetewa na wakili Mwafrika wa Tanganyika. Mtu wa namna ile akipata nchi atafanya nini kwanza? Atafungua shule ya sheria. Ndivyo ilivyokuwa. Oktoba 1961, kabla hata ya bendera kupanda, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba kikiwa na kitivo kimoja tu, nacho ni cha Sheria. Udaktari ulifuata baadaye, na uhandisi baadaye zaidi. Darasa la kwanza lilikuwa dogo kiasi cha kukaa chumba kimoja, na mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuja kuwa Waziri wa Sheria.

Wakati huo Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikuwa Mwingereza, Roland Brown. Mwaka 1965 kiti hicho alikikalia Mwafrika wa kwanza, Mark Bomani. Watu wengi humhesabu Bomani kuwa mtu wa Mwanza kwa sababu ya kaka yake Paul na vyama vya ushirika vya pamba, lakini Paul alizaliwa Ikizu mwaka 1925, na Ikizu leo iko wilaya ya Bunda. Bomani alikaa pale hadi 1976. Aliyempokea? Joseph Sinde Warioba, naye wa Bunda, aliyehitimu sheria Dar mwaka 1966. Kwa hiyo kipindi chote ambacho Tanzania ilikuwa inajenga Ujamaa kwa sheria, mshauri mkuu wa kisheria wa nchi alikuwa mtu mwenye mizizi ndani ya wilaya moja ya mkoa wetu. Wabunda hamjisifu vya kutosha!

Sasa angalia kilichotokea kwa ofisi binafsi. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Mabenki yakataifishwa, bima ikataifishwa, biashara ya nje na mashamba makubwa ya katani vikafuata. Mtu huwa anafikiria Azimio kama habari ya matajiri na nyumba zao. Lifikirie kwa macho ya wakili. Asubuhi moja wateja wako wote wakubwa wamekuwa mteja mmoja, na mteja huyo ana wanasheria wake wa mshahara. Mwaka 1970 Serikali ikaanzisha Shirika la Sheria Tanzania ili lihudumie mashirika ya umma, na mikataba ambayo zamani ingepelekwa kwa wakili binafsi ikawa inaandikwa na mtumishi wa umma. Mawakili wengi wa Kihindi wakaondoka nchini. Waliobaki wakaishi kwa kesi za madai madogo, mirathi na ajali za magari.

Chini kabisa mlango ulikuwa umeshafungwa hata kabla ya hapo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 ilikataza mawakili kusimama katika Mahakama ya Mwanzo. Hoja ilikuwa njema: mkulima wa Butiama asije akashindwa kesi ya shamba kwa sababu jirani yake ana fedha ya kukodi msomi. Naielewa hoja hiyo. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba mahakama ambayo Mtanzania wa kawaida anaijua haikuwa na wakili ndani yake kwa karibu miaka sitini, mpaka mwaka 2021 sheria iliporekebishwa ili aruhusiwe pale ambapo anayesikiliza ni hakimu mkazi. Mtoto wa kijijini alikua bila kumwona wakili akifanya kazi. Alimwona hakimu, polisi, katibu kata. Heshima ya sheria ilikuwa kuwa jaji au kuwa ofisi ya Mwanasheria Mkuu.

Linganisha na jirani zetu. Nairobi ina kampuni ya Hamilton Harrison & Mathews tangu 1902 na Kaplan & Stratton tangu 1927, zote zilizaliwa na mlowezi, na uhuru ulipokuja zikabadilisha rangi za wabia pole pole bila kupoteza mteja hata mmoja wa maana. Benki ilibaki benki. Kenya ofisi kubwa ni urithi. Kwetu uzi ulikatika, na ulipounganishwa tena, aliyeuunganisha alikuwa Serikali ile ile iliyoukata.

Miaka ya 1990 ndiyo ufunguo. Azimio la Zanzibar la 1991 liliwaruhusu viongozi kuwa na hisa na biashara. Mwaka huo huo sheria ya mabenki ikafungulia mabenki ya watu binafsi. Mashirika ya umma yakaanza kuuzwa, na sheria ya madini ya 1998 ikawakaribisha wachimbaji wa nje kwa mrabaha wa dhahabu wa asilimia 3. Kila kiwanda kinachouzwa kinahitaji mtu wa kupekua hati zake, kila mkopo kutoka nje unahitaji wakili wa hapa atakayeandika barua kwamba mkataba ni halali kwa sheria za Tanzania, na kila mgodi una leseni, kodi, ardhi na wafanyakazi. Kazi ilimwagika kama dagaa msimu wa giza. Na waliokuwa tayari kuipokea walikuwa wachache sana, kwa sababu nchi ilikaa zaidi ya miaka ishirini bila kuzalisha ofisi za aina hiyo.

Hapa ndipo anaingia Nimrod Mkono.

Kijana wa leo wa Butiama anamjua Mkono kama mbunge. Wanasheria wanamjua kama kampuni: Mkono & Co. Advocates, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa inatajwa kuwa kubwa kuliko zote nchini kwa kazi za biashara, na iliyoshirikiana na Denton Wilde Sapte ya London. Ushirikiano wa namna hiyo ndio mlango wa kuingia katika dunia ya heshima tunayoizungumzia. Mwekezaji wa Canada au Malaysia hamjui wakili yeyote wa Dar es Salaam. Anamuuliza wakili wake wa London. Wa London anafungua kitabu cha madaraja au anampigia simu mshirika wake. Kwa hiyo wakili wa Tanzania hapandi daraja kwa kusifiwa na Watanzania, anapanda kwa kusifiwa na mawakili wa nje na wateja wao, maana hao ndio wanaoulizwa na watu wa vitabu hivyo.

Nifungue mabano kidogo. Mchezo huu hatukuubuni sisi. New York mwanzoni mwa karne ya 20 Paul Cravath aliweka utaratibu wa kuajiri vijana waliofaulu vizuri kutoka vyuo vichache, kuwafundisha kwa miaka kadhaa, kuwapandisha wachache kuwa wabia na kuwaaga waliobaki. Ofisi kubwa za dunia nzima bado zinaishi kwa mfumo huo. London waandishi wa habari za sheria walizibandika jina la Magic Circle kampuni tano: Clifford Chance, Linklaters, Freshfields, Allen & Overy, na Slaughter and May. Wasomi wanaposema heshima ya kampuni wanamaanisha mzunguko huu: mteja mkubwa anakuja kwa sababu ya vijana wazuri, vijana wazuri wanakuja kwa sababu ya mteja mkubwa, na bei ya saa moja inapanda kila wanapokutana. Nafunga mabano.

Mteja aliyempa Mkono kesi iliyosikika kuliko zote hakuwa mzungu. Alikuwa TANESCO. Mwezi Mei 1995 TANESCO ilisaini mkataba wa kununua umeme wa IPTL, mtambo wa megawati 100 wa Tegeta, mali ya Mechmar ya Malaysia na VIP Engineering ya hapa nchini. Mtambo haujawasha hata taa, pande mbili zikagombana kuhusu gharama. Shauri likapelekwa ICSID, kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia, Washington, mwaka 1998. TANESCO iliwakilishwa na Mkono & Co. pamoja na Hunton & Williams ya Marekani. Uamuzi ulitoka Julai 2001, na gharama ya ujenzi ambayo IPTL ilidai kuwa dola milioni 163.5 ikashushwa hadi dola milioni 127.2. Gharama hiyo ndiyo iliyokuwa inabebeshwa bei ya umeme kwa miaka ishirini, kwa hiyo ushindi ule haukuwa mdogo.

Tafakari mzunguko wenyewe. Serikali iliyosema mwaka 1970 kwamba itajiandikia mikataba yake, mwaka 1995 shirika lake linasaini mkataba mbaya, na mwaka 1998 linalipa ofisi binafsi za Dar na Marekani kulitoa shimoni. Mkataba mbovu wa Serikali ndio uliozilea ofisi kubwa. Sisemi mawakili waliuharibu mkataba ule, wao waliitwa nyumba ikiwa inaungua. Lakini zimamoto analipwa kwa moto. Ada za kesi hizi zilizua maneno mengi magazetini na bungeni, na Septemba 2007 Dk. Willibrod Slaa aliposoma orodha yake ya watuhumiwa wa ufisadi pale Mwembeyanga, Temeke, jina la Mkono lilikuwemo. Kutajwa jukwaani si kuhukumiwa, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa tuhuma zile. Kilichonigusa mimi ni kwamba kwa mara ya kwanza mwananchi wa kawaida alianza kuuliza wakili analipwa kiasi gani kwa kuitetea nchi yake.

Kule nyumbani swali hilo halikuulizwa kwa namna hiyo. Mkono aliingia bungeni mwaka 2000 kwa jimbo la Musoma Vijijini, na jimbo lilipogawanywa akawa wa Butiama kuanzia 2015 hadi 2020. Katika miaka hiyo alijenga shule za sekondari, tena si darasa moja moja la kupigia picha. Ukimuuliza mzee wa Busegwe kuhusu hadhi ya wakili, hatakutajia Chambers Global. Atakuonyesha bati. Nilipowauliza wazee wawili watatu kama wanajua fedha zile zilitoka kwa wateja gani, waliniona kama mtoto aliyekosa adabu, na labda walikuwa na haki. Mimi naona mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja: kwamba alirudisha nyumbani kuliko wengi waliotoka, na kwamba saa ya kazi ya wakili wa aina ile ililipwa na TANESCO na wengine ambao mwisho wa yote ni mimi na wewe tunaonunua umeme. Butiama ilipata madarasa. Vijiji vya Lindi navyo vililipa bili, bila kuwa na wakili wa kwao. Mkono alifariki Aprili 2023 akiwa Marekani.

Wakati huo Bomani naye hakuwa amepumzika. Baada ya kumsaidia Mwalimu na kisha Mandela katika mazungumzo ya amani ya Burundi pale Arusha, na akiwa na ofisi yake ya uwakili Dar, aliitwa tena. Februari 2007 Waziri Nazir Karamagi alisaini mkataba wa mgodi wa Buzwagi hotelini London. Zitto Kabwe akauliza bungeni, akasimamishwa, nchi ikawaka. Novemba mwaka huo Rais Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini na kumpa Bomani uenyekiti. Taarifa yao ya 2008 ndiyo iliyotengeneza njia ya sheria mpya ya 2010, ambapo mrabaha wa dhahabu ulipanda hadi asilimia 4. Mwanasheria Mkuu wa zama za Ujamaa akakaa kusoma mikataba ya zama za soko. Kama kuna picha moja ya historia hii ningependa ichorwe ukutani, ni hiyo. Bomani alifariki Septemba 2020.

Sasa twende Nyamongo, maana huwezi kuandika habari za sheria ya biashara mkoani Mara ukaukwepa mgodi wa North Mara. Ulianza uzalishaji 2002, ukapita mikononi mwa Placer Dome, kisha Barrick mwaka 2006. Mei 2011 watu wasiopungua watano waliuawa kwa risasi za polisi walipovamia mgodi. Wanavijiji walipotaka kuishtaki kampuni, kesi haikufunguliwa Musoma, wala Mwanza, wala Dar. Mwaka 2013 ilifunguliwa Mahakama Kuu ya London na kampuni ya Leigh Day, na mwaka 2015 ikamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama.

Kwa nini London? Wengine husema mawakili wetu ni waoga. Sikubaliani nao. Ofisi kubwa inaishi kwa wateja wa kudumu, na sheria ya taaluma inakataza mgongano wa maslahi. Ukishamshauri mchimbaji mmoja huwezi kumshtaki. Na hata kama hujamshauri huyo, unategemea kumshauri mwenzake kesho, na benki iliyomkopesha ni mteja wako. Kwa hiyo kadiri ofisi inavyopanda daraja ndivyo milango yake inavyofungwa kwa mtu wa Nyamongo, bila mtu yeyote kuwa mbaya. Wakili wa Mtaa wa Mukendo hana mgongano wa maslahi. Ana tatizo jingine: hana fedha za kuendesha kesi ya miaka miwili bila malipo, hana mtaalamu wa kupima risasi wala maji. Kati ya wakili anayeweza na asiyetaka, na anayetaka na asiyeweza, mwanakijiji alivushwa bahari na Waingereza.

Wakubwa nao wameonja joto. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria za mali na maliasili zinazokataza migogoro ya rasilimali kupelekwa mahakama na mabaraza ya nje, mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 6, na Acacia, kampuni iliyokuwa na North Mara, ikadaiwa kodi ya dola bilioni 190, tarakimu ambayo hata ukiiandika mkono unatetemeka. Agosti 26 mwaka huo milipuko ilibomoa ofisi za IMMMA Advocates, Upanga, moja ya kampuni kubwa kabisa za Dar. Chama cha Mawakili, chini ya Tundu Lissu, kikaitisha mgomo wa kutokwenda mahakamani. Siku chache baadaye Lissu mwenyewe alipigwa risasi Dodoma. Mambo ya Acacia yaliishia mezani: Barrick waliichukua kampuni nzima 2019, na Januari 2020 ikasainiwa mikataba ya Twiga, Serikali ikiwa na asilimia 16. Kupitisha sheria ya kukataza usuluhishi wa nje kulituliza mioyo, lakini mikataba yenyewe bado inaandikwa na watu, kwa Kiingereza, na watu hao bado wamo katika maghorofa machache.

Bunda imeijua sheria kwa mlango mwingine kabisa, mlango wa uchaguzi. Mwaka 1995 Stephen Wasira wa NCCR-Mageuzi alimshinda Warioba, Waziri Mkuu mstaafu. Warioba akaenda mahakamani, ushindi ukatenguliwa kwa sababu ya rushwa, na hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 1997 inayobeba majina yao mawili bado inasomwa na kila mwanafunzi wa sheria. Baada ya 2015 wapiga kura wa Bunda wakapeleka shauri kupinga ushindi wa Ester Bulaya, naye akatetewa na Lissu. Nadhani ndiyo maana Bunda wakili anaheshimiwa kwa ulimi wake mahakamani, wakati Dar es Salaam wakili wa daraja la kwanza anaweza kumaliza mwaka bila kuvaa joho. Kazi yake ni karatasi. Vijana wengi wanaoota ofisi zile hawajui hilo, wanafikiri watakuwa wanasimama mbele ya majaji.

Na vijana ni wengi. Mawakili sasa wamevuka 10,000. Zamani ulifanya mafunzo ya mwaka mmoja serikalini kisha mtihani wa uwakili, tangu 2008 unapita Shule ya Sheria, na mnakumbuka matokeo ya 2022, watahiniwa 633 na waliofaulu moja kwa moja 26. Wanaopenya wanagombea viti vichache vya kampuni ambazo sasa nyingi ni matawi au washirika wa majina ya kimataifa: DLA Piper, Bowmans, Clyde & Co. Mwaka huo wa 2021 tuliotaja, Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama kisheria, nasi tukashangilia. Musoma ina Mahakama Kuu yake siku hizi, hakuna tena safari ya kilometa zaidi ya 200 hadi Mwanza kwa kila rufaa, na Jaji Mkuu aliyekuwepo mageuzi hayo yakifanyika, Profesa Ibrahim Juma, ni mzaliwa wa Musoma. Mama wa bahasha ya kaki amesogezewa mahakama na lugha. Mkataba wa mgodi ulio kilometa chache kutoka kwake haujasogea.

Juzi nilipita Butiama. Majengo ya Oswald Mang'ombe, shule iliyojengwa na Mkono, yametolewa kwa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius Nyerere. Palikuwa na vijana wamekaa chini ya mti na kompyuta zao za mapajani. Kilimo kinafundishwa, teknolojia inafundishwa. Sheria haimo. Anayeitaka anapanda basi kwenda Mtakatifu Augustino Mwanza, au analala njiani kwenda Dar.